Herufi za boti yetu

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya mashamba, tuongee boti.

Boti yetu ya Kirotshe iliandikwa jina na namba kwa herufi za plastiki za kubandika. Mvua za kwanza hazijaisha, herufi tatu zilikuwa zimekwisha anguka. Tulicheka. Kisha kwenye namba ya abiria, 25, ile 2 ikabanduka, halafu 5 nayo. Hakuna aliyekimbia kuirudisha, na siku moja ya soko tulihesabu vichwa 41, bila magunia ya maharagwe.

Mnakumbuka tarehe 3 mwezi wa 10, 2024. MV Merdi, ikitoka Minova, ilizama karibu kufika Kituku, watu wa Goma wakiona kwa macho. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, wengi wakapitia ziwani. Ilibeba kupita kipimo.

Basi tuchague vizuri. Plastiki ya bei ndogo ni nene na ngumu, jua linaikaza inajikunja pembeni. Ile nyembamba na laini inafuata umbo la mbao, na inaweza kupita miaka saba. Muulizeni muuzaji ile ya nje kabisa, ya magari.

Lakini kosa kubwa lilikuwa letu wenyewe: tulipaka rangi Jumamosi, tukabandika Jumatatu. Rangi ya mafuta iachwe majuma kadhaa ikauke hadi ndani. Halafu osheni kwa sabuni, maana mafuta ya mota yanaruka kila mahali, kausheni, pangusheni na alkoli. Bandikeni kivulini, mkikandamiza toka katikati kwenda pembeni. Nyeupe juu ya bluu inaonekana mbali. Mbali na kamba na majerikani.

Dada zetu wa Walikale wenye mitumbwi ya mti mmoja kwenye Lowa, msipoteze feza. Mti wenye maji na mikwaruzo haushiki plastiki. Kateni herufi katika kartoni, mpake rangi ya mafuta juu yake.

Namba yetu sasa itabandikwa mara mbili: nje, na ndani mbele ya viti, ili mama mwenye mtoto mgongoni aisome kabla ya kukaa. Nahodha anasema itafukuza wateja. Tunabandika Jumanne asubuhi. Ambaye hajatoa 2 000 faranga amwone mama mtunza feza.