Sifa Isiyo na Mashaallah



Juma hili tumeletewa lalamiko la mama mmoja wa Mombasa aliyeolewa Suneka, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Migori. Alikwenda kumtazama jirani aliyejifungua, akamfunua mtoto na kusema kwa furaha: "Lo! Mweupe huyu, mnene, mzuri kama nini!" Mzazi hakujibu. Alimrudishia mtoto leso usoni, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo dada yetu hajaupita mlango ule, naye anatuuliza: je, watu wa huko hawapendi kusifiwa, au ni yeye asiyependwa?

Tunamwambia kwa upole kwamba aliyekosea ni yeye, na kosa lenyewe lingekuwa kosa hata Kibokoni. Sisi tuliolelewa pwani twajua kuwa sifa isiyo na "Mashaallah" ni ya kuogopwa. Amir bin Rabia alipoistaajabia ngozi ya Sahl bin Hunayf aliyekuwa akioga, Sahl alianguka papo hapo; Mtume (s.a.w.) akamkemea Amir kwa kutomwombea mwenzake baraka. Wagusii nao wanalijua jicho. Huliita okobiriria, na hofu yao kubwa ni kwa watoto wachanga, hasa walio weupe wa ngozi. Basi mzazi yule alishtuka kama ambavyo mama yake dada yetu angeshtuka.

Kuna na jingine. Robert LeVine na wenzake, watafiti wa Kimarekani walioanza kazi yao Ugusii katika miaka ya 1950, waliwaona akina mama wakiwabembeleza na kuwalinda watoto wao kwa bidii kubwa, lakini kuwasifu wakikuepuka, wasije wakawatia kiburi. Kunyamaza huko si chuki.

Wala si wao peke yao. Mchina akisifiwa, jibu lake la kale ni "nali, nali", yaani "wapi, wapi?", kana kwamba sifa imepotea njia. Mmarekani husema asante, yakaisha. Katika utafiti wa Rong Chen uliochapishwa 1993, wakazi wa mji wa Xi'an karibu wote waliikataa sifa. Katika ule wa 2010, mji ule ule, wengi waliipokea. Tumeyakumbuka hayo kwa sababu mabinti zetu nao siku hizi hujibu "asante" kavu, na bibi zao huona ni kujiona. Sisi hatuoni ubaya, madhali "Alhamdulillahi" imetangulia.

Turudi Suneka. Dada yetu asingoje kuombwa radhi. Aende na sukari yake na sabuni, aketi, asimfunue mtoto mpaka apewe mwenyewe, na akimpokea aseme, "Mungu ambariki, amkuze." Maneno hayo jirani Mkristo huyaelewa bila kufasiriwa, na ndiyo baraka ile ile ambayo Amir aliisahau. Naye siku atakaposifiwa pilau yake na wanawake wa mtaa, asijibu kwa mazoea yetu, "Ah, leo haikuiva." Wasije wakasadiki, wakaacha sahani.

Tunangoja barua yake ya pili.