Lipa mhariri kabla ya kulipia keki ya uzinduzi

Chini ya kitanda changu kuna maboksi matatu. Mgeni akiuliza yana nini, humwambia ni viatu vya zamani. Ukweli ni kwamba ndani yake kuna nakala 118 za riwaya yangu ya kwanza, na panya wa ploti yetu wameisoma kuliko watu.

Nilijichapishia. Nilipiga chapa nakala 300, nikakodi ukumbi, nikaagiza keki yenye umbo la kitabu kilichofunguliwa, na mjomba wangu akatoa hotuba ndefu kuliko sura yoyote ya riwaya yenyewe. Siku hiyo niliuza nakala 61. Nililala nikijiona mwandishi kamili.

Wiki ya pili simu ikalia. Alikuwa mama mmoja kutoka Bungoma aliyetumiwa nakala na bintiye. Hakunipongeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huyu Nekesa alifika Malaba vipi? Mimi nilimwacha hospitalini."

Nikafungua nakala iliyokuwa mezani. Kurasa 97 hadi 112 zilikuwa mara mbili. Kurasa 113 hadi 128 hazikuwepo kabisa. Kama hujui, vitabu vingi hupigwa chapa kwenye karatasi kubwa ambayo hukunjwa ikatoa kurasa 16 kwa mpigo, kisha makunjo hayo hupangwa na kugandishwa pamoja. Mtu wa mashine alipanga kunjo moja mara mbili na kulisahau lililofuata. Nilizipekua nakala zote moja baada ya nyingine, nikajumlisha na zile nilizorudishiwa. Ndizo hizo 118.

Nilipomrudia mpiga chapa nikiwa moto, alinitolea karatasi yenye sahihi yangu. Nilikuwa nimekubali kazi iende mashinani bila kwanza kuona nakala ya mfano. Kwa nini? Kwa sababu ukumbi ulikuwa umelipiwa na keki imeagizwa. Sikuwa na siku tatu za kungoja.

Nakusimulia haya wewe ambaye una mswada kwenye simu au laptopu na unawaza, "Si nijichapishie tu?" Jibu langu ni ndiyo, jichapishie. Ila usiifanye nilivyoifanya mimi, na nasikitika kusema ndivyo wengi wetu tunavyoifanya.

Kwanza tuondoe aibu. Kuna watu watakuambia kitabu cha kujichapishia ni mswada uliokataliwa kila mahali. Hao hawajui biashara ya vitabu nchini inavyoendeshwa. Wachapishaji wetu wakubwa wanaishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kikiidhinishwa na KICD, soko lipo, na tangu 2017 serikali hununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kutoka kwao. Sasa wewe unampelekea mhariri wa kampuni kama hiyo hadithi ya mapenzi ya vijana wa Umoja. Anaweza hata kuipenda! Lakini bosi wake anaangalia mtaala, na hadithi yako haimo. Barua ya kukataliwa aghalabu haihusu kipaji chako, kwa hiyo usiisome ukilia.

Pia hatukuanza sisi. David Maillu alianzisha Comb Books mwaka wa 1972 na kuanza kujichapishia vijitabu vyembamba kuhusu pombe, mapenzi na maisha ya ofisini. After 4.30 na My Dear Bottle vilinunuliwa na watu ambao wasomi walidhani hawasomi kitu: makarani, madereva, wasichana wa taipu. Wahakiki wa vyuo vikuu walimkejeli. Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake mwaka wa 1976. Wasomaji wa mijini waliendelea kununua. Na kule Tanzania kwenyewe, Ben Mtobwa hakungoja kuhurumiwa na mtu, alianzisha Heko na kuchapisha riwaya za Kiswahili zilizosomwa hadi huku kwetu. Unaweza kubishana na walichoandika, lakini walimjua msomaji wao anapita barabara gani.

Sasa tuzungumze ganji, maana hapa ndipo wengi huingia boksi.

Chukua mfano huu, nambari ni za kupigia hesabu tu. Kitabu chako kinauzwa Sh700. Kupiga chapa nakala moja ni Sh250, na unapiga 300, yaani Sh75,000. Mhariri, msanifu wa jalada na mpangaji wa kurasa wakuchukulie Sh60,000. Umeshatoa Sh135,000 kabla ya kuuza hata kimoja. Duka la vitabu litachukua fungu lake, na kwa kawaida ni kati ya asilimia 30 na 40. Tuseme 35. Wewe unabaki na Sh455 kwa kila nakala. Gawanya. Utahitaji kuuza nakala 297 ndipo urudishe pesa zako. Faida yako yote iko katika nakala tatu za mwisho.

Ukiuza mwenyewe, mkononi au kwa nambari ya till, pesa zinarudi kwenye nakala ya 193. Zinabaki 107, karibu Sh75,000. Tofauti unaiona? Ndiyo maana waandishi wanaojichapishia utawaona wamebeba mkoba mzito kila waendako, harusini, kanisani, kwenye matanga hata. Usiwacheke. Wamepiga hesabu.

Na ukumbi? Keki? Mpiga picha? Hivyo sijaviweka kwenye hesabu. Viweke mwenyewe uone kama zile nakala tatu za mwisho zinatosha.

Sisemi maduka ni adui. Yapo yaliyofungulia milango waandishi wanaojitegemea, Nuria pale Nairobi likiwa mojawapo, na hilo lilitusaidia wengi tuliokuwa tukiambiwa "rudi ukiwa na mchapishaji". Ila elewa mali kauli: unaacha vitabu, unalipwa vikishauzwa, na visipouzwa unakuja kuvichukua vikiwa na kona zilizokunjika. Andika ni nakala ngapi umeacha, lini, na mtu wa duka atie sahihi. Mimi niliacha 20 mahali fulani kwa mdomo tu. Nilipouliza baada ya miezi saba, niliambiwa yule aliyevipokea aliacha kazi.

Halafu kuna hawa wanaojiita wachapishaji lakini wanaokuomba wewe pesa. Mchapishaji wa kweli hulipa gharama, anachukua hasara kitabu kikifa, na kukupa mrabaha, mara nyingi karibu asilimia 10. Mtu anayekutoza pesa kutengeneza kitabu chako ni fundi, sawa na fundi wa viatu, na hakuna ubaya kumlipa fundi. Ubaya unaanza pale fundi anapotaka pia kumiliki kiatu. Rafiki yangu alilipa kila kitu mwenyewe, kisha akagundua mkataba wake umempa mtu huyo haki ya kuchapa na kuuza kwa miaka kumi. Sasa kitabu kinaendelea vizuri mtandaoni na yeye hupata ripoti isiyosomeka mara moja kwa mwaka.

Kwa hivyo soma mkataba. Uliza haki inabaki kwa nani. Uliza faili za jalada na za kurasa utapewa lini. Uliza ISBN itakuwa kwa jina la nani, maana nambari hiyo si siri ya mtu: hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS, na mwandishi anaweza kuiomba mwenyewe. Hakimiliki nayo ni yako tangu ulipoandika, hata usipojisajili popote, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili kazi KECOBO ni ushahidi tu wa kukusaidia siku mtu akikuibia. Usikubali kuuziwa "huduma ya kupata hakimiliki" kwa maelfu ya shilingi kana kwamba bila hiyo hadithi si yako.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya si hilo. Ni uhariri.

Hata zile nakala zangu nzima, zenye kurasa zote, zina aibu yake. Mama ya Nekesa anaitwa Rosa ukurasa wa 20, na ukurasa wa 150 amekuwa Rosalia. Mvua inanyesha Turkana kwa wiki mbili mfululizo na hakuna mhusika hata mmoja anayeshangaa. Kuna polisi anayekufa na baadaye anakunywa chai. Haya yote niliyasoma mara nane na sikuyaona. Huwezi kuyaona. Jicho la mwandishi husoma kile alichokusudia, si kile kilichoandikwa.

"Lakini rafiki zangu walisoma wakasema ni moto," utaniambia. Hata wangu walisema. Rafiki anakupenda, na mtu anayekupenda hawezi kukuambia sura ya nne inachosha. Kumpa binamu aliyepata A ya Kiswahili KCSE akuangalizie makosa ni afadhali kuliko kutofanya lolote, bado si uhariri. Mhariri anakuuliza hadithi inaanzia wapi hasa. Anakuambia mhusika huyu hana kazi, mtoe. Baada yake ndipo aje msomaji wa prufu wa kuwinda herufi na nukta. Hizo ni kazi mbili tofauti, na mtu anayekuahidi zote mbili kwa siku nne, mshukuru na uende zako.

Najua utasema mhariri ni ghali. Ni ghali, kweli. Lakini angalia tunavyotumia pesa. Nimehudhuria uzinduzi ambapo mwandishi alikodi maspika, hema na mshereheshaji, nikafika nyumbani, nikafungua kitabu, na neno la tatu la shukrani lina kosa. Msomaji huyo hutamwona tena. Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu huyo msomaji hasemi "kitabu cha fulani ni kibovu". Anasema "hivi vitabu vya kujichapishia ni vibovu", na mwenzako aliyekaa miaka miwili na mhariri wake anafungiwa mlango kwa kosa lako. Kwa kosa langu pia.

Kama mfuko hauruhusu, ngoja. Kitabu hakiozi. Badilishaneni miswada na mwandishi mwingine msiyejuana sana. Mtafute mwalimu mstaafu wa fasihi, wako wengi mitaani na hakuna anayewauliza kitu. Chapa nakala 50 kwa mashine ya dijitali badala ya 300, hata kama bei ya moja itapanda kidogo, uone watu wanasemaje. Na kabla ya kuchapa hizo 50, dai nakala moja ya mfano, ikae mkononi, uipekue ukurasa kwa ukurasa ukihesabu nambari kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Na wewe msomaji usiye na mswada wowote, usijifanye haya hayakuhusu. Wewe ndiye uliyeniandikia, "Buda, nitumie PDF basi nikusapoti." Kunisapoti vipi, kwa kusoma bure na kuwatumia watu 200 kwenye grupu ya WhatsApp? Kahawa unayopigia picha mjini ni Sh350 na hujawahi kumwambia mwenye mkahawa akutumie ya bure. Sheria ya VAT ya 2013 ilivitoa vitabu kwenye kundi la bidhaa zisizotozwa kodi hiyo, kwa hiyo tayari kuna asilimia 16 kichwani. Nawe usituongezee. Kama huna pesa, sawa, kuna maktaba, mwambie wanunue kimoja. Au azima kwa aliyenunua. Hilo halinikasirishi hata kidogo.

Na ukikuta kosa, mwambie mwandishi. Yule mama wa Bungoma angeweza kutupa kitabu akalala. Alitumia salio lake kunipigia. Nilimtumia kurasa 16 zilizokosekana, nimezichapa kwenye saiba na kuzibana kwa stepla, na akanipigia tena baada ya siku mbili kuniambia kwamba sasa ameelewa Nekesa alifikaje, ila haamini lori lingebeba mtu mgonjwa namna ile usiku kucha. Hakuna aliyeniuliza swali zuri kama hilo siku ya uzinduzi.

Mswada wangu wa pili uko kwa mhariri tangu Machi. Ni mwalimu aliyestaafu, anatumia kalamu nyekundu na hajui kubembeleza. Juzi alinirudishia sura tatu za mwanzo. Ya kwanza ameipiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona, na pembeni ameandika, "Kijana, hadithi yako inaanzia sura ya pili." Ile sura ilinichukua miezi mitano. Bado tunabishana.