Uliza Gugu-maji Limetoka Wapi

Vijito vya Kapsoit huishia Ziwa Viktoria. Huko limeenea gugu-maji, na wako watu wanaolilisha ng'ombe au kulifanya mbolea. Jihadhari! Wachimba dhahabu wa Migori hutumia zebaki, na mto wao huingia ziwa hilo hilo. Gugu-maji hufyonza zebaki na risasi, hasa mizizini. Hivyo husaidia kusafisha maji, lakini madini hayo hayaozi pamoja na majani. Basi ukiletewa mbolea ya gugu-maji, uliza kwanza: lilivunwa upande gani wa ziwa? Limepimwa? Usipopata jibu, kataa, utumie samadi ya boma lako. Sumu ikishaingia shambani, jembe haliitoi.