Mzazi wa Peremende

Wako watu, na pengine wewe msomaji u mmoja wao, ambao wakiona mmea uliojiotea kinamasini huuita gugu, kisha huuliza bei yake sokoni. Basi hao ndio nitakao kubishana nao.

Bila shaka umekwisha kula peremende. Neno hilo tulilitohoa katika Kiingereza, nalo kwa asili ni jina la mmea: mnanaa mkali ambao mafuta yake hutiwa katika pipi na dawa za meno. Je, wawajua wazazi wake? Mmoja ni mnanaa wa bustani. Wa pili ni mnanaa wa maji, mmea wa mwituni uotao kando ya mito na vinamasi vya Ulaya, na hata Afrika ya Kusini. Shina lake lina pembe nne. Maua yake ya zambarau hafifu hukusanyika kileleni mfano wa mpira mdogo. Na mashina yake ya chini hutambaa topeni mwaka hata mwaka. Waweza kuupita usiuone, lakini ukiukanyaga harufu yake itakusimamisha.

Peremende ni kama baghala, mzao wa punda na farasi: ina nguvu, walakini ni tasa. Wakulima hupanda vipande vya mashina yake, hata shamba zima likawa kama mmea mmoja. Ndiyo sababu ugonjwa wa kunyauka, ulipoyashambulia mashamba ya Michigan, Marekani, katika miaka ya 1920, ulileta hasara kubwa. Atakaye kuzalisha peremende mpya, yenye damu nyingine, hana budi kuwarudia wazazi. Naye atamwona wapi huyu wa majini, ikiwa kinamasi kimekaushwa?

Utanijibu kwamba kinamasi kilichokaushwa hutoa chakula. Ni kweli, sikatai. Nyanda za Fens, mashariki ya Uingereza, zilianza kukaushwa kwa wingi katika karne ya 17, na hata leo hulisha watu wengi. Lakini udongo wa namna ile ukikauka hudidimia na kuliwa na hewa. Mwaka 1851, huko Holme Fen, nguzo ya chuma ilisimikwa hata kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo kichwa hicho ki juu mita nne hivi, wala si nguzo iliyopanda. Lakini huko Wicken Fen, ambako sehemu ya kinamasi ilianza kununuliwa mwaka 1899 ili ihifadhiwe, mnanaa wa maji ungali ukichanua, na hakuna aliyeupanda.