Plastiki Kukatika Juani Si Kuisha

Hapa DC tukikaa kupanga biashara za nyumbani, hakosi mmoja wa kutaja mifuko ya plastiki "inayooza yenyewe juani". Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019, kwa hiyo watu wanaona soko lipo. Mimi nasema wazo hilo tuliache, na sababu ni ya kikemia.

Moto na jua vyote huvunja molekuli na kuzaa radikali huru, yaani vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzake, vyenye papara ya kushika chochote kilicho karibu. Tofauti iko kwenye kuanza. Moto hutikisa molekuli nzima mpaka ikatike. Kwa polithini hiyo ni kama nyuzi 400 za Selsiasi. Jua halingoji joto hilo. Fotoni moja ya nanomita 300, ikinaswa penye kasoro ndani ya plastiki, ina nguvu ya kutosha kukata kifungo cha kaboni kwa kaboni, hata siku ya baridi.

Baada ya hapo ni mnyororo. Mwaka 1934 Francis Rice na Karl Herzfeld, wakiwa Johns Hopkins kule Baltimore, walieleza jinsi radikali chache zinavyoendesha uvunjikaji mkubwa. Baadaye wote wawili walihamia Catholic University, hapa hapa Washington. Penye baridi mnyororo hufa mapema. Penye joto huenda mbali.

Sasa fikirieni Mombasa au Dar: jua la kuanzisha lipo, joto la kuendeleza lipo. Ndoo iliyosahaulika uani hupauka, hupasuka, mwisho inameguka mkononi. Imekatika, lakini haijaisha! Vipande vinaingia mchangani, baharini, tumboni mwa samaki. Hiyo mifuko ya miujiza imetiwa tu chumvi za metali za kuharakisha mnyororo uleule, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021. Kwa nini iletwe kwetu?

Na anayesema basi tuchome, ajue moto wa jalalani hauunguzi vizuri. Unatoa masizi na sumu, na wanaovuta moshi ni majirani.

Wahandisi wenzangu, tukirudi twende na mipango ya kukusanya plastiki na kuiyeyusha upya. Kazi hiyo haina muujiza, ila inaajiri watu. Naomba kutoa hoja.