Usimpe Mwenzako Orodha, Kaa Naye Usikilize

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda hukutarajia kulikuta katika ukurasa huu wa nyumba na familia. Ni muziki wa jazi, na namna ya kumshirikisha mwenzako albamu uliyoipenda. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine kwanza. Jambo lenyewe linahusu sebule zetu na ndoa zetu kuliko unavyodhani.

Sisi ni kikundi kidogo cha watu saba, wanawake watano na wanaume wawili, tunaokutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nyumbani kwa mmoja wetu. Tunakunywa chai, tunakula maandazi, na kila mmoja huleta albamu moja aliyoigundua ili na wengine waisikie. Tulianza na kanda, tukaja kwenye CD, na siku hizi watoto wetu hututafutia nyimbo kwenye simu. Santuri bado tunazo, ila mashine ya kuzipigia ni moja tu, nayo huazimwa kutoka nyumba hadi nyumba.

Tukitaja jazi, wengi hukumbuka bendi za dansi: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, au OK Jazz ya Franco kule Kinshasa. Jina ni lile lile, lakini hapa tunazungumzia jazi iliyozaliwa kwa Wamarekani Weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Katika muziki huo mpigaji hupewa wimbo, kisha huachiwa nafasi aueleze kwa namna yake papo hapo, kama mtambaji wa hadithi ambaye kisa anakijua lakini maneno anayapata mbele ya wasikilizaji.

KOSA TULILOLIFANYA

Miaka michache iliyopita alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu. Mumewe alikuwa amefariki miezi minne kabla ya hapo, akaacha sanduku la mbao lenye santuri zipatazo 30. Mama alikuja na swali moja tu: “Ninyi mnaoyajua mambo haya, zina thamani gani? Nataka kuziuza nilipe ada ya shule.”

Tulipofunua sanduku, tulisahau kabisa kwamba mbele yetu alikuwa ameketi mtu aliyefiwa. Mmoja wetu alishika “Kind of Blue” ya Miles Davis akaiinua juu kama mtoto aliyeokota sarafu. Mwingine alipiga kelele alipoona “A Love Supreme” ya John Coltrane. Kila mtu akawa na lake: anza na hii, usiuze ile, ukimaliza mtafute fulani. Mwenzetu mmoja alichukua karatasi akamwandikia majina 20. Mama yule akaikunja karatasi, akashukuru, akaaga. Mwezi uliofuata hakuja. Uliofuata tena, hakuja.

Tulipomwendea nyumbani ndipo alipotueleza. Kwa miaka mingi mumewe alikuwa akifunga mlango wa sebule kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, akasikiliza santuri zake peke yake. Mwanzoni alikuwa akimwita mkewe. Lakini kila alipoingia alielezwa majina ya wapigaji, na miaka, na nani alimtangulia nani, hata akajiona mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akaacha kuingia, naye mume akaacha kumwita. “Nanyi mmenifanyia vile vile,” alituambia. “Mmenipa majina. Hakuna aliyekaa nami kusikiliza.”

Maneno hayo yalituchoma. Tulidhani tumempa zawadi, kumbe tulikuwa tumefunga mlango ule ule.

MWANAMKE ALIYEPENDEKEZA

Katika kulitafakari kosa letu tulikumbuka kisa cha Sathima Bea Benjamin, mwimbaji aliyelelewa na bibi yake huko Cape Town. Mwaka 1962 yeye na mchumba wake, mpiga piano Dollar Brand ambaye baadaye aliitwa Abdullah Ibrahim, waliondoka Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi wakaenda Uswisi. Huko Zurich, mapema mwaka 1963, Sathima alipata habari kwamba Duke Ellington, mmoja wa wakubwa kabisa wa jazi, alikuwa akipiga mjini humo. Alimwendea mwenyewe, akamsihi aje kwenye ukumbi mdogo ambako mchumba wake alipiga. Ellington akaja, akasikia, akamwomba Sathima naye aimbe. Siku chache baadaye wote wawili walikuwa Paris wakirekodi.

Albamu ya Dollar Brand ilitoka, na jina lake likajulikana. Nyimbo za Sathima hazikutolewa. Zilidhaniwa zimepotea, mpaka kopi yake ilipopatikana kwa fundi aliyezirekodi, zikatoka zaidi ya miaka 30 baadaye kwa jina “A Morning in Paris”. Ndani yake Ellington mwenyewe anampigia piano. Sathima alifariki mwaka 2013, na sisi tunamhesabu kuwa mlezi wetu katika kazi hii ya kupendekezana muziki. Hakumpa Ellington orodha. Alimleta mpaka kitini, akamwacha masikio yake yaamue.

TULIVYOANZA UPYA

Tulimwomba mama yule radhi. Kisha tukakubaliana kwamba aende kwake mmoja wetu tu, na albamu moja tu, na asiseme neno mpaka muziki uishe. Kabla ya kuchagua tulijiuliza jambo ambalo tulipaswa kujiuliza tangu mwanzo: huyu mama anapenda nini? Jibu lilikuwa rahisi. Anaimba sauti ya pili katika kwaya.

Basi tukachagua “Steal Away”, iliyotoka mwaka 1995. Ni watu wawili tu, Hank Jones kwenye piano na Charlie Haden kwenye ile besi kubwa ya kusimama. Wanapiga nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi na tenzi ambazo hata sisi tunazo vitabuni, ukiwamo ule wa jioni tunaouita “Kaa Nami”. Hakuna anayeimba. Mama alisikiliza akichambua mchele. Ulipofika utenzi anaoufahamu, aliacha mchele. Mwishoni alisema jambo ambalo katika kikundi chetu hakuna aliyewahi kulisema: “Huyu wa chini ndiye anayeubeba wimbo.” Alikuwa akimsema mpiga besi. Mwimbaji wa sauti ya pili hujua kazi ya yule asiyesikika sana.

Wiki mbili baadaye akauliza mwenyewe: “Katika lile sanduku, iko nyingine yenye besi inayosikika hivi?” Iko. “Kind of Blue” ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika jengo lililokuwa kanisa kabla ya kugeuzwa studio. Wimbo wake wa kwanza huanza na piano na besi kwa sauti ya chini, kisha besi ya Paul Chambers ndiyo inayouliza na wenzake wanaitikia, kama mwalimu wa kwaya na waimbaji wake. Safari hii tuliazima ile mashine tukaipeleka kwake, na alikuwa mama mwenyewe aliyeweka sindano juu ya santuri ya mumewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alilia kidogo. Hatukusema kitu.

Kutoka hapo alifika kwa Coltrane. “A Love Supreme” ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, nayo ina sehemu nne. Katika sehemu ya kwanza besi inashika sauti nne tu na kuzirudia rudia. Ndani ya jalada Coltrane aliandika barua akimshukuru Mungu kwa kumwamsha mwaka 1957, mwaka aliopata kuacha heroini na pombe. Sehemu ya nne ni sala aliyoiandika, nayo anaisoma kwa saksafoni, neno kwa neno, bila kufungua kinywa kuimba. Mama alielewa sehemu hiyo upesi. Sehemu ya tatu hakuipenda. “Hapa wanagombana,” alisema, akaomba tupunguze sauti. Tulipunguza. Zamani tungemhubiria saa nzima mpaka akubali kwamba ni nzuri.

JE, HUU SI MUZIKI WA BAA?

Wasomaji wetu wengine watauliza, na ni haki yao. Ni kweli, jazi imepigwa sana katika baa na kumbi za usiku, na ulevi na dawa za kulevya ziliwaangusha wapigaji wengi. Lakini chimbuko lake halitengani na nyimbo za makanisa ya watu Weusi. Mwaka 1958 Duke Ellington alirekodi “Black, Brown and Beige” pamoja na Mahalia Jackson, mwimbaji mkuu wa nyimbo za Injili, na mwaka 1965 alipiga tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu katika kanisa kuu la Grace, San Francisco. Mpiga piano Mary Lou Williams aliacha kupiga mwaka 1954, akabatizwa mwaka 1957, kisha akarudi akitunga nyimbo za ibada kwa jazi. Alifungua pia duka la vitu vilivyokwisha kutumika ili kuwasaidia wanamuziki wagonjwa. Ukitaka kuanzia kwake, tafuta “Black Christ of the Andes” ya mwaka 1964.

TULIYOJIFUNZA

Tangu siku hizo tuna taratibu chache katika kikundi chetu, nasi tunakupa uzijaribu nyumbani.

Kwanza, mpe mtu albamu moja, usimpe kumi. Pili, anza na anachokipenda yeye, si unachotaka kusifiwa kwa kukijua. Tatu, keti naye mpaka mwisho, hata kama ana mchele wa kuchambua. Nne, maelezo ya majina na miaka yangoje mpaka aulize. Tano, akisema haipendi, mwamini. Na wewe mke, ikiwa mumeo ana muziki wake au mpira wake, usingoje kuitwa mara ya pili. Mwulize, “Nianze na upi?” Huenda anaona haya kuliko unavyofikiri.

Mama yule aliuza santuri 12, nasi tulimsaidia asipunjwe bei. Ada ililipwa. Zile nyingine amebaki nazo, na Jumapili mchana mlango wa sebule yake huwa wazi, watoto wakiingia na kutoka. Alituambia kwamba kinachomuuma si ile miaka ambayo mumewe alisikiliza. Kinachomuuma ni kwamba sasa ana mengi ya kumwuliza.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yake kutuletea albamu. Alileta moja kutoka kwenye sanduku, ambayo hata sisi wajuzi hatukuwa tumeisikia. Hakutuambia jina la mpigaji, wala mwaka. Alisema tu, “Sikilizeni besi,” akaketi nasi.