Kiti, saa na mita tatu: tuwapime wazee kabla hawajaanguka

Mzee akianguka huku kwetu Lalago, neno la kwanza utakalosikia ni "uzee huo." Akivunjika nyonga, akalala kitandani miezi mpaka akafa, jibu ni lile lile: uzee. Sijasikia mtu akiuliza kama kuna aliyempima yule mzee akiwa bado anatembea, kuona kama miguu inamshika.

Ndugu zangu, kuanguka ni ugonjwa unaoua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo viko katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ndiyo sisi hao.

Mimi si daktari, ni mwandishi tu. Ila vipimo vya kujua kama mtu mzima anasimama imara vipo vingi, na vingine ni rahisi kiasi kwamba hata mimi nimevielewa. Hebu tuvilinganishe.

Cha zamani zaidi ni cha Mjerumani Moritz Romberg, wa karne ya 19. Unasimama miguu imeshikana, kisha unafumba macho. Ukianza kuyumba baada ya kufumba, maana yake nyayo na viungo havipeleki taarifa sawasawa kwenye ubongo, na macho ndiyo yaliyokuwa yanakushikilia. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeanguka usiku akienda chooni gizani. Ila kipimo hiki hakikwambii anatembeaje.

Kipo cha Berg, kilichotoka Kanada mwaka 1989. Kina vitendo 14: kusimama kutoka kwenye kiti, kuokota kitu chini, kugeuka, kusimama kwa mguu mmoja na vingine. Kila kitendo kina alama 0 hadi 4, jumla 56. Ni kipimo kizuri sana kwa mgonjwa aliyepata kiharusi, kwa sababu kinaonyesha hatua kwa hatua anavyopata nafuu. Ubaya wake ni kwamba kinachukua kama robo saa au zaidi, hakipimi mwendo wenyewe, na mzee ambaye bado ana nguvu kidogo anapata karibu alama zote. Ni kama mtihani ambao darasa zima limepata A. Hujui nani anahitaji msaada.

Kipo cha kunyoosha mkono, cha Marekani mwaka 1990. Unasimama kando ya ukuta, unanyoosha mkono mbele bila kusogeza miguu, unapimwa umefika wapi. Usipofika sentimita 15, uko hatarini. Hiki kinahitaji futi ya fundi cherehani tu.

Halafu kipo ninachokipigia debe mimi. Kilielezwa mwaka 1991, nacho kutoka Kanada. Mzee anakaa kwenye kiti, anainuka, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi, anakaa. Unahesabu sekunde. Basi! Kama anatumia mkongojo, anakuja nao. Kinapima kuinuka, kutembea, kugeuka na kukaa kwa mara moja, na ndiyo mambo anayofanya kila siku.

Lakini tusidanganyane. Swali ni sekunde ngapi ndizo za hatari. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa (CDC) inasema 12 na kuendelea. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unasema zaidi ya 15. Wenyewe hawajakubaliana! Na kipimo cha awali kilitumia kiti chenye mikono, kimo chake kama sentimita 46. Bibi yetu aliyezoea kigoda, anayetembea kwenye udongo mweusi wa mbuga unaonata wakati wa masika, utamhukumu kwa sekunde za watu wa sakafu ya marumaru? Tena tafiti zimeonyesha kuwa kipimo hiki peke yake hakitabiri vizuri nani ataanguka.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Zahanati ichague kiti kimoja, ichore mstari wa mita tatu sakafuni, na kila mzee anayekuja kupima presha apimwe na huu mwendo. Namba iandikwe kwenye daftari lake. Januari alitumia sekunde 11, Juni ametumia 17, kiti ni kile kile: hapo huhitaji Mmarekani akwambie kuna jambo. Aulizwe pia kama ameanguka mwaka uliopita, maana aliyeanguka jana ndiye wa kuanguka kesho. Mwenye shaka apelekwe hospitali, huko ndiko kipimo cha Berg na wataalamu wa viungo wanapofaa.

Najua kuna watakaosema dawa zenyewe hazitoshi, wewe unaleta habari za viti. Sawa. Ila kipimo hiki hakinunuliwi na hakiishi stoo. Wengine watasema kupima bila tiba ni kazi bure. Tiba ipo: uchambuzi mkubwa wa tafiti wa mwaka 2019 ulionyesha mazoezi yanapunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu asilimia 23. Na mazoezi yenyewe ni pamoja na kukaa na kuinuka. Ongeza kukagua macho na dawa za presha zinazoleta kizunguzungu, na mti wa kushikilia pale chooni.

Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na inazungumzia matibabu yake. Matibabu baada ya nyonga kuvunjika ni kuchelewa. Na vyuo vyetu vya afya vije vijijini vitutafutie sekunde zetu wenyewe, za kigoda na za vumbi.

Wewe mwenzangu, mama yako anatumia sekunde ngapi? Kaa karibu naye asianguke, kisha mpime leo.